Taarifa Inaanzia kwa Mfiwa

Nilitaka aondoke. Sikutaka ahamishwe wala apewe onyo. Nilitaka abebe begi lake la kompyuta, ashuke ngazi za ofisi, na madereva wote wawe wamesimama uani wakimtazama. Nilikuwa naamka na wazo hilo na kulala nalo, na katikati yake nilikuwa nasali, maana mimi ni Mlutheri wa miaka mingi na sijawahi kuacha kusali kwa sababu ya chuki. Nilifikiri mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja.

Kampuni yetu ilikuwa inapeleka watalii mbugani. Mimi nina elimu ya kidato cha nne. Nilianza kwa kuosha magari, nikawa dereva, na macho yalipoanza kuchoka nikapewa meza, simu, redio koli na ubao mkubwa mweupe ukutani. Nikawa mratibu wa magari. Kwenye ubao ule niliandika kila gari liko wapi, linaendeshwa na nani na linarudi lini. Wake wa madereva walinipigia mimi kuhakikisha kwamba waume zao kweli wako porini, nami niliwajibu kwa hekima, kwa sababu si kila mara walikuwa porini. Mama zao walipiga pia.

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wangu. Ni kazi ya misiba. Dereva akiwa mbugani simu yake inashika hapa na kupotea pale, kwa hiyo akifiwa, ndugu zake wanapiga ofisini. Na kwetu mtu haambiwi kwenye simu kwamba mama yake amekufa. Anaambiwa mgonjwa hali yake imebadilika, njoo nyumbani. Anafika, anaona turubai na viti vya plastiki, na kabla hajauliza, wajomba zake wanakuwa wameshamshika mikono.

Basi simu kama hiyo ikija, nilifunga mlango. Hakuna aliyeambiwa kitu, hata mkurugenzi. Nilitafuta dereva mwingine nikamtuma. Kisha nikamwita mfiwa kwenye redio: "Bwana, kibali cha gari lako kina tatizo. Mwenzako anakuja kuchukua wageni, wewe rudi na gari la vyakula, ukae kiti cha abiria." Alipofika mjini nilimpokea mwenyewe, nikaenda naye mpaka kwao, njia nzima nikizungumza mpira au bei ya matairi. Nilimkabidhi kwa wazee wa ukoo. Ndipo nilipopiga ofisini na kusema: "Sasa mnaweza kutuma pole." Wote walikuwa wanajua kwamba mpaka niseme neno hilo, hakuna msiba. Nilidanganya madereva wengi kwa namna hiyo na hakuna aliyenilaumu. Mmoja aliniambia baada ya maziko, "Mzee, ulinidanganya vizuri, Mungu akubariki."

Halafu akaja meneja mpya.

Alikuwa kijana wa makamo, ametokea Dar es Salaam, ana adabu. Kila asubuhi alisimama mbele ya meza yangu, "Shikamoo mzee wangu," na kuinamisha kichwa. Kumchukia mtu mwenye adabu ni kazi ngumu, lazima uifanye kila siku kwa bidii, nami niliifanya.

Alichokuja nacho kilikuwa programu ya kuunganisha programu nyingine. Ofisini tulikuwa na fomu ya wageni kwenye mtandao, kalenda ya safari, jedwali la magari na kundi la simu la wafanyakazi, na kila kimoja kilikuwa kisiwa. Mtu alisoma huku akaandika kule, na mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi. Yeye hakuandika hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta. Alivuta viboksi kwenye kioo, akaviunganisha kwa mishale. Kiboksi cha kwanza alikiita kianzio, maana yake, likitokea hili. Vinavyofuata ni, fanya lile, kisha lile. Mgeni akijaza fomu kule kwao Ulaya, kalenda inajijaza, gari linatengwa, na dereva anapata ujumbe kabla sijamaliza kutafuta miwani. Mpangilio mzima aliuita mtiririko.

Siku ya kututambulishia mfumo alituita wote kwenye chumba changu kwa sababu ndimo ulimokuwa ubao. Akaomba ruhusa, akaufuta ubao wangu, akaupiga mwanga wa projekta. Tukaona viboksi: Wageni, Ofisi, Mzee, Magari, Madereva.

"Mnaona hapa?" alisema. "Kila kitu kinakuja kusimama kwa Mzee. Mzee akienda kula, kampuni nayo inakula."

Watu wakacheka kidogo. Akabonyeza. Kiboksi changu kikatoweka, na mshale ukaruka wenyewe kutoka Ofisi mpaka Magari, kama vile pale katikati hapakuwahi kuwa na kitu.

Dereva mmoja wa Nduruma, mtu wa sauti kubwa na mdomo usio na breki, akapiga makofi. "Aisee! Mzee amedilitiwa!"

Chumba kikalipuka.

"Jamani, heshima," meneja akasema, naye akijizuia kucheka. "Mzee hatujamfuta, tumempumzisha."

"Shikamoo Diliti!" yule wa Nduruma akaniamkia, ameshika kofia kifuani. Nikaitikia marahaba, kwa sababu ningefanya nini? Jina likaniganda. Mpaka waosha magari waliniita Mzee Diliti, wengine hawakujua hata lilitoka wapi.

Mshahara haukuguswa. Nilipewa kazi ya kuhakiki taarifa, yaani kutazama mashine ikifanya. Nyumbani kwangu Sombetini mke wangu hakuelewa ninalia nini.

"Baba watoto, pesa si ileile?"

"Ileile."

"Na kazi imepungua?"

"Imepungua."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka aondoke."

"Akiondoka utapata nini?"

"Nitamwona anaondoka."

Alinitazama kama anavyotazama maziwa yaliyo karibu kukatika. "Haya, kula," akasema.

Nilihudhuria mafunzo yote ya mfumo ule. Meneja alifurahi, aliwaambia wengine wanitazame mimi, mzee ninavyopenda kujifunza. Nilikuwa natafuta mahali pa kuukaba. Nikagundua kwamba mashine inatambua gari kwa namba yake kama ilivyoandikwa, basi nikaanza kuandika namba ileile kwa namna tofauti, leo na nafasi katikati, kesho bila nafasi. Siku moja magari mawili yakaenda uwanja wa ndege kuchukua wageni walewale. Nikajimiminia chai, nikakaa kusubiri kelele. Meneja akaja mezani kwangu anatabasamu.

"Mzee, asante sana. Umetuonyesha tundu."

Alikwenda akaliziba kabla chai yangu haijapoa. Ningependa anitukane. Mtu akikutukana mnakuwa sawa. Huyu alinishukuru, na shukrani yake niliibeba mpaka nyumbani kama jiwe kwenye kiatu.

Kisha akaja kwangu kuhusu misiba. Alikuja na kiti chake na vikombe viwili vya chai, akakaa upande wangu wa meza, si ng'ambo kama bosi.

"Mzee wangu, misiba sijaigusa. Najua ni kitu chako. Lakini ukiumwa, au siku ukistaafu, nani ataifanya? Nieleze unavyofanya, hatua kwa hatua. Tukubaliane kwanza kianzio. Kinatokea nini mpaka wewe unaanza kazi?"

Lilikuwa swali zuri. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nami nilichosikia ni kwamba kiboksi kimoja kilikuwa kimebaki, na amekuja kukifuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Mfiwa anapiga simu," nikamwambia. "Taarifa inaanzia kwa mfiwa."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Ameshaambiwa nyumbani kwao na wazee. Anatupigia kuomba ruhusa."

Haikuwa uongo mtupu. Kwa wahasibu na wapishi na watu wote wanaolala mjini, ndivyo ilivyokuwa. Ndiyo maana uongo ule ulisimama vizuri kwa miguu yake.

"Na madereva?" akauliza. "Si wanakuwa porini?"

"Siku hizi minara imejaa kila mahali. Madereva vilevile. Nao ni watu."

Akacheka, akaandika. Alikuwa mgeni kwenye kazi ya magari, hajawahi kukaa kwenye simu ile hata siku moja. Mila aliijua kama sisi sote tunavyoijua. Asichojua ni kwamba kwetu, kwa dereva, habari inafika ofisini kabla ya kumfikia mwenyewe. Hilo nililijua mimi, na sikulisema.

"Kuna kingine, mzee?"

"Hakuna kingine."

Akaujenga mtiririko. Dada wa mapokezi anapokea simu, anajaza fomu fupi: nani amefiwa, na nani, maziko wapi; haiulizi kama mfiwa ameshajua. Akibonyeza tu, ruhusa inaingia kwenye kalenda, gari linahamishiwa dereva mwingine, na ujumbe unakwenda kwa simu za wafanyakazi wote kwa pamoja, na mfiwa mwenyewe akiwemo, ili aone kwamba kampuni iko naye. Meneja aliniita nione majaribio. Aliandika jina la kubuni, akabonyeza, simu yangu ikatetemeka. Ujumbe ulikuwa na maneno ya heshima. Mwishoni ulikuwa na sentensi ambayo mfumo uliibandika kwenye kila ujumbe wake, wa gari, wa mafuta, wa chakula: "Asante, na uwe na siku njema." Niliiona. Meneja hakuiona, alikuwa ameizoea.

"Nzuri sana," nikamwambia.

Simu za misiba zikahamishiwa mapokezi. Nami nikaanza kusubiri, na nisijidanganye nilikuwa nasubiri nini. Nilikuwa nasubiri mtu afe. Nilijipangia iwe babu wa mbali, mzee aliyeshiba siku, machozi kidogo na aibu kubwa kwa meneja. Kanisani wagonjwa walipotajwa ili waombewe, nilitega sikio kama mtu anayesikiliza matokeo ya bahati nasibu. Mke wangu akadhani nimezidi kumcha Mungu.

Ilikuja asubuhi moja, mlima unaonekana bila wingu, ua umetulia kwa sababu magari mengi yalikuwa mbugani. Meza yangu na mapokezi zinatenganishwa na ukumbi mfupi. Nilimsikia dada anasema, "Pole sana, mama. Pole. Ni mama yake mzazi? Na maziko yatakuwa Nduruma?" Akarudia jina la dereva ili aliandike vizuri.

Alikuwa yule wa sauti kubwa, aliyenibatiza Diliti.

Mama yake nilimjua kwa sauti tu. Alikuwa akinipigia kila mwanawe anaposafiri, Kiswahili chake kimechanganyika na Kimeru. "Baba, huyo mtoto wangu umempeleka wapi leo?" Namwambia yuko bondeni, mama, yuko salama. "Amekula?" Sijui kama amekula, mama, ni mtu mzima yule. "Basi muulize kwenye hiyo redio yako." Na kweli nilikuwa namwuliza, na redio nzima inacheka, na mtu mzima yule anajibu kwa aibu kwamba amekula.

Nilikuwa na nafasi. Dada wa mapokezi alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, anatafuta kila herufi. Ningeweza kusema kutoka nilipokaa, bila hata kuinuka, "Dada, subiri kwanza." Redio ilikuwa karibu na mkono wangu. Kichwani mwangu kulikuwa na maneno mawili tu: huyu huyu. Huyu aliyepiga makofi. Yeye na meneja, wote wawili kwa jiwe moja. Nikakaa. Simu yangu ikatetemeka juu ya meza.

"Kampuni inasikitika kuwatangazia kifo cha mama mzazi wa mwenzetu." Jina lake likafuata, na Nduruma. "Asante, na uwe na siku njema."

Yaliyotokea huko mbugani nilisimuliwa na dereva aliyekuwa nyuma yake. Walikuwa wamepanda ukingo wa bonde, mahali ambapo simu hushika. Simu ya yule wa mbele ikaanza kulia mfululizo, ujumbe wa mfumo, kisha pole za wafanyakazi walioamini kwamba msiba ukishatangazwa basi mwenyewe anajua. Akasimamisha gari. Akafungua mlango, akashuka mahali ambapo sheria hairuhusu mtu kushuka, akakaa chini vumbini ameegemea tairi. Wageni wake walikuwa mtu na mkewe, wazee. Hawakuelewa kitu. Yule mama wa Kizungu akashuka naye, akakaa chini karibu yake, akamshika mkono. Nyati walikuwa mbali kidogo wanakula majani. Mwenzake alipofika aliwakuta hivyo, wawili chini, na yule mzee wa Kizungu yuko dirishani analia bila kujua anamlilia nani.

Redio yangu ikafunguka. "Mzee! Nani amemwambia? Nani kamwambia huku porini?"

"Mfumo," nikajibu.

"Mfumo ndio nani?"

Nikapunguza sauti ya redio.

Jioni madereva waliokuwa mjini walijaa uani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniita Diliti. Walimwita meneja majina mengine. Kesho yake mkurugenzi akatukutanisha. Meneja alisimama, shati lake limelowa mgongoni.

"Mimi ndiye niliyejenga," akasema. "Kosa ni langu."

"Hukumwuliza mtu?" mkurugenzi akafoka. "Wewe ni Mwarabu? Ni Mzungu? Hujui mtu haambiwi msiba hivyo?"

Meneja akageuka kunitazama. Nikatazama dirishani.

"Niliuliza, bosi," akasema. "Sikuuliza vizuri."

Sijui mpaka leo kama alinikinga au aliamini hivyo. Najua nilivyojisikia. Nitasema ukweli, nilifurahi. Aibu ilikuwepo, lakini chini yake furaha ilikuwepo, nzito na tamu, kama ya mtu aliyekula asali ya wizi.

Tulikwenda Nduruma kuzika. Boma lao liko pembeni mwa mashamba ya mahindi, kaburi lilichimbwa karibu na nyumba ya marehemu. Mimi nilikuja na madereva kwenye gari la kampuni. Meneja alikuja peke yake, amevaa shati jeusi, ameshika shada la maua. Kabla hajavuka geti la miti, yule dereva aliinuka kati ya ndugu zake, akamwendea.

"Wewe, rudi."

"Kaka, nimekuja kukupa pole."

"Pole yako nilishaipata. Ilinitakia siku njema."

"Kaka, naomba..."

"Rudi! Usikanyage udongo wa mama yangu."

Wanawake waliokuwa wanaimba wakanyamaza. Meneja akalaza shada kwenye majani nje ya geti, akageuka, akatembea kuelekea barabarani kwenye jua, na madereva wote wamesimama wakimtazama. Nilikuwa nimeiota picha hiyo kwa muda mrefu, nami nikapewa kubwa kuliko niliyoomba.

Kisha dereva akaja nilipokaa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, unisamehe lile jina. Ungekuwa wewe kwenye simu ile, ningemkuta mama yangu nyumbani, kama watu wengine wanavyowakuta mama zao." Nyuma yake alikuwa mjomba wake, mzee wa rika langu, akauliza, "Huyu ndiye yule baba wa ofisini? Marehemu alikuwa anakutaja sana." Wakanihamishia kiti cha mbele, pamoja na wazee wa ukoo. Nikaletewa sahani ya kwanza. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Meneja aliondoka kabla ya mwezi kuisha. Alishuka ngazi na begi lake. Ilichukua muda mfupi sana, nashangaa jinsi ilivyokuwa fupi. Kabla ya kushuka alipita mezani kwangu. "Shikamoo mzee. Mitiririko mingine nimeiacha inafanya kazi. Ule wa misiba nimeuzima." Nikamwitikia marahaba. Alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake zamu ya kuongea, halafu akaenda.

Mkurugenzi akanirudishia simu na kuniambia mambo ya misiba ni yangu mpaka nichoke. Madereva wakaninunulia soda. Usiku nilikuwa nalala vizuri tu, hilo ndilo lililonitisha. Kilichonikamata kilikuja mchana, nikiwa na redio mkononi, nikijikuta namsubiri mama wa watu apige kuuliza kama mwanawe amekula.

Matanga yalipoisha nikaenda Nduruma peke yangu, na jani la sale mfukoni. Sisi watu wa mlimani tunalijua jani hilo, Wameru na Wachaga. Mkosaji akikuletea ukalipokea, umefungwa, huwezi tena kukataa kusamehe. Nilimkuta dereva kwenye zizi la mama yake anakata majani ya ng'ombe. Nikamweleza yote, nimesimama.

Akaweka panga chini.

"Simu uliisikia?"

"Niliisikia."

"Ulijua ni mama yangu?"

"Nilijua."

"Ungeweza kusema?"

"Ningeweza."

Nikatoa jani. Akalitazama bila kunyoosha mkono. "Umekuja na hili kwa sababu unajua nikilishika umemaliza. Siyo?"

"Ndiyo."

"Silishiki. Nenda nalo, mzee."

"Utawaambia wenzako?"

"Nimesema nenda."

Nilimpigia meneja pia, huko Dar aliko. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mzee, nilikuuliza kuhusu madereva," akasema, "na nikakuuliza kama kuna kingine." Kisha akaniuliza hali ya mke wangu, na kama miguu yangu bado inasumbua wakati wa baridi. Nikamchukia tena papo hapo kwa kuniuliza hivyo. Nikiandika kwamba chuki ile imekwisha nitakuwa nadanganya. Inainuka mara kwa mara, kama jipu lililopona juu tu, na siku hizi sijui hata namchukia nani.

Nikaamua kuacha kazi, na siku ya kuaga nimwambie mkurugenzi kila kitu mbele ya wote. Niliomba nafasi kwenye mkutano wa Jumatatu. Madereva walikuwepo, dada wa mapokezi, wapishi, wote wamebanana kwenye chumba changu. Yule wa Nduruma alikuwa amerudi kazini, amesimama karibu na mlango. Tangu nitoke kwao alikuwa anachukua ufunguo wa gari mkononi mwangu bila neno, bila shikamoo, na watu walidhani ni majonzi.

"Bosi," nikaanza, "umri umekwenda, naomba kupumzika. Lakini kabla ya hapo kuna jambo la msiba ule ambalo..."

"Samahani mzee wetu," sauti kubwa ikanikata kutoka mlangoni. "Bosi, naomba niseme kwa niaba ya madereva. Mzee anataka kujilaumu kwamba hakuwepo kwenye simu. Ndivyo wazee walivyo. Sisi tumekaa, tumezungumza, tumekubaliana. Mzee haondoki."

Watu wakaguna kwa kuridhia.

"Simu za nyumbani kwetu nani atapokea? Mashine? Mashine tumeiona."

Wakacheka, hata mkurugenzi. Nikafungua mdomo tena. "Bosi, sikilizeni, mimi ndiye..."

"Mzee, tulia," akasema, akipenya kati ya watu kuja mbele. Akaniinamia mpaka mdomo wake ukafika sikioni mwangu. Kwa waliotazama ilikuwa heshima, kijana anamwinamia mzee aliyemfaa siku ya msiba.

"Utakaa hapahapa," akaniambia taratibu. "Kila mama atakayekufa, utapokea wewe. Kila mtoto wake utampeleka wewe kwao. Na mimi nitakuwa nakutazama. Ukiwaambia, watakufukuza, utakwenda kupumzika. Sitaki upumzike."

Akajiinua, akakivuta kiti changu kutoka chini ya meza, akafuta vumbi kwa kiganja.

"Kaa, baba," akasema kwa sauti ya wote kusikia.

Wakapiga makofi. Mkurugenzi naye alikuwa anapiga makofi. Nikakaa.